Pengo la Begani

Mdogo wangu alikuwa hamalizi mabega. Akichora mtu, mstari ulianzia shingoni, ukateremka vizuri, na ulipofika begani ukakatika. Palibaki kijinafasi kama punje ya mchele, kisha mstari ukaendelea na mkono kana kwamba hakuna kilichotokea. Alichora hivyo tangu utotoni. Marehemu mama yetu alikuwa akimwuliza, "Wewe, mbona watu wako wamevunjika?" Naye anajibu, "Hawajavunjika, mama. Hapo ndipo wanapopumulia."

Wenzake kazini walimwita Brashi, na jina likamganda mpaka sisi ndugu zake tukaacha kumwita lile alilopewa. Kwa zaidi ya miaka ishirini alichora picha za vitabu vya kusomea vya watoto wa shule, kwenye kampuni moja ya uchapishaji. Aliyejifunza kusoma miaka hiyo anawajua watu wake hata kama hamjui yeye. Walikuwa na miguu minene inayokanyaga ardhi kwelikweli, macho yanayotazama pembeni kama ya mtu anayesikiliza umbea, na lile pengo begani.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti. Tulimwita Chiriku kwa sababu siku alipoanza kusema hakunyamaza tena. Alikulia chini ya meza ya baba yake. Ilikuwa meza kubwa kando ya dirisha, imejaa makopo ya maji machafu na matambara yenye rangi, na karatasi zilizoharibika zilianguka sakafuni zikawa mali ya mtoto. Baba alichora juu, binti alichora chini, nyuma ya karatasi zilezile. Wifi yangu alikuwa anauza kwenye duka la dawa. Akirudi jioni anawakuta wote wawili hawajala, chakula kimepoa kwenye sufuria.

"Mmoja amenioa, wa pili nimemzaa," alikuwa akiniambia. "Sasa wifi, nyumba hii nani atakumbuka kununua sabuni?"

Brashi hakumkalisha binti yake akamfundisha. Mtoto aliona akashika. Kabla hajabalehe, Chiriku naye alikuwa hamalizi mabega.

Kisha mashine ikaja. Meneja wa kampuni aliwakusanya wachoraji akawaambia kwamba wamenunua akili bandia. Unaiambia kwa maneno, mtoto anachota maji na mbuzi yuko nyuma yake, na hujamaliza kupiga chafya picha iko tayari. Ila ili ichore kama kampuni inavyotaka, lazima ioneshwe picha za kampuni. Picha za Brashi zikatolewa makabatini zote na kuskaniwa. Hakuulizwa, wala yeye hakuona la kuuliza. Mkataba ulisema picha ni za kampuni. Tena alifurahi. Jioni ile alipita kwangu, mimi ni fundi cherehani, akaketi juu ya marobota ya vitambaa akicheka.

"Dada, nimepata mwanafunzi asiyelala."

"Asiyelala, na anakula?"

"Anakula umeme tu."

Mwanafunzi akahitimu upesi. Wachoraji wengine waliondolewa mmojammoja, Brashi akabaki, tukamshukuru Mungu. Kazi yake sasa ilikuwa kurekebisha. Mashine siku zile ilikuwa bado ina utoto. Ilimpa mtoto vidole sita, ikampa mama meno kama kitana, ikachomeka mguu wa mbuzi tumboni. Brashi alikaa mbele ya kompyuta kutwa akikata vilivyozidi. Wifi akimwuliza leo umefanya nini, anasema, "Nimekata vidole. Umeolewa na bucha siku hizi." Tulicheka sana. Baada ya miezi kadhaa utani huo akawa anausema bila kucheka, na baadaye hakuusema tena, kwa sababu mashine ilijifunza kuhesabu vidole. Kazi ikabaki kutazama picha na kubonyeza pa kukubali.

Siku moja alinionesha tangazo la sabuni kwenye simu. Mwanamke anafua, miguu yake minene imezama kwenye povu, macho pembeni, bega lina pengo.

"Nzuri," nikamwambia. "Umeichora lini?"

"Sijaichora."

"Sasa nani?"

"Wameiuza ile mashine kwa wengine. Imejua kuacha pengo, dada. Haijui ni la nini."

Baada ya hapo tukaona kazi yake kila mahali. Mifuko ya unga, kuta za benki, kadi za pole ambazo watu hutumiana kwenye simu msibani. Mimi nashona, nalielewa jambo hilo kwa njia yangu. Ni kama ushone nguo ya kwako mwenyewe, kwa kipimo cha mwili wako, utoke nje ukute mtaa mzima umeivaa, na wewe ndiye unaonekana umeiga. Brashi akaacha kuchora nyumbani. Makopo yakakauka. Ile meza ya dirishani akaiachia binti yake.

Chiriku yeye hakujali. Alikuwa na miaka kumi na saba, ana kelele, na alichora popote alipoketi. Nilipoanza kusumbuliwa na presha, yeye ndiye aliyenisindikiza kliniki, na kule kusubiri ndiko kulikozaa picha yake kubwa. Alichora lile benchi refu la mbao na sisi tuliokuwa juu yake: mzee aliyelala mdomo wazi, mama anayemfunga mtoto kilemba kwa taulo, na mimi na miguu yangu iliyovimba, viatu nimevivua. Kila nilipopewa tarehe ya kurudi alibeba karatasi yake. Watu wakamzoea. Kuna bibi mmoja aliyekuwa akimkaripia, "We mtoto, leo usinichore, sijapaka mafuta," kisha anakaa palepale akinyoosha shingo.

Picha hiyo aliipeleka kwenye mashindano ya chuo cha sanaa. Mshindi alikuwa anapewa nafasi ya kusoma bure. Haukupita muda chuo kikapiga simu. Aje, na mzazi wake. Wifi alikuwa zamu, kwa hiyo tulikwenda watatu: Brashi, binti, na mimi niliyevaa gauni langu la harusi za watu.

Tuliingizwa kwenye chumba chenye meza ndefu, tukajitambulisha. Mwenyekiti wa majaji alikuwa mama wa makamo, mwalimu wa chuo hicho, miwani yake inaning'inia kifuani. Pembeni yake mwanaume mwenye ndevu zilizochongwa alikuwa na kompyuta.

"Binti yangu," Mwalimu alisema, "picha yako imetugusa. Ndiyo maana tumekuita badala ya kuiweka kando kimyakimya."

"Kuiweka kando?" Brashi akauliza.

"Kila picha tunaipitisha kwenye kipimo. Kinaonesha ipi imechorwa na mtu na ipi imechorwa na mashine. Hii kinasema ni ya mashine. Nasikitika, lakini hata hakisitisiti."

Chiriku akacheka. Alidhani anataniwa. Alipoona hakuna anayecheka naye, alinigeukia mimi, kama alivyokuwa akinigeukia alipokuwa mdogo na mama yake amekataa jambo.

Nikasimama. "Mwalimu, huyo mwenye miguu kama mihogo hapo kwenye benchi ni mimi. Nilikaa mpaka mgongo ukaniuma. Nilimwona akichora kwa penseli, akifuta, akichora tena. Mashine iliingia kliniki saa ngapi?"

"Mama, tunakuheshimu," yule wa ndevu akasema, "lakini shangazi hawezi kuwa shahidi wa mtoto wake."

"Nipeni karatasi," Chiriku akasema.

Wakampa. Wakampa na penseli. Akavuta kiti akaketi mbele ya Mwalimu na kuanza kumchora. Nimemwona akichora mara nyingi sana, lakini siku ile nilikuwa kama nimeshika pini mdomoni, siwezi kumeza mate. Ikatokea miwani, ikatokea mikunjo ya shingo, na uchovu ambao mama yule alikuwa ameuficha vizuri tangu tuingie. Mstari ukashuka, ukafika begani, ukakatika, ukaendelea. Mwalimu alipooneshwa aliweka kiganja mdomoni.

Yule wa ndevu akapiga picha ile karatasi na kuiingiza kwenye kipimo. Akasubiri. Akatugeuzia kompyuta. Jibu lilikuwa lilelile. Mashine.

"Basi amejizoeza kuiga," akasema. "Siku hizi wako wengi, wanakaa na simu wanafuatisha."

"Nimejifunza kwa baba," Chiriku akasema.

Wote wakamtazama Brashi. Tangu tuingie alikuwa ameweka mikono katikati ya magoti.

"Baba ni mchoraji?" Mwalimu akauliza.

Angeweza kusema lolote. Angesema ni mchoraji wa kawaida tu, tukaondoka.

"Nilikuwa," akasema. "Hiyo mashine ilifundishwa kwa picha zangu. Na huyu nimemfundisha mimi. Hawa wawili, Mwalimu, ni ndugu. Baba yao mmoja." Akajaribu kutabasamu.

Yule wa ndevu aligeuza kompyuta, akatafuta vitabu vya zamani vya shule, akakuta jina la mdogo wangu kwa herufi ndogondogo ukurasa wa mwisho. Akaacha kutusemesha. Ninampa haki yake, aliona aibu.

Mwalimu alivaa miwani, akaivua. "Nawaamini," akasema. "Tukimpa nafasi, wazazi wa wengine watasema tumeichagua mashine. Hilo ningelibeba. Lakini kuna lingine, na nitakuambia ukweli, binti, kwa sababu una kipaji. Mara ya kwanza nilipoiona picha yako nilihisi nimeshaiona. Kila mtu atahisi hivyo. Mkono huu uko kwenye sabuni, uko kwenye unga. Mtu ataitupia jicho kazi yako na kupita, hatasimama. Sisi hapa tunatafuta kitu ambacho macho hayajakizoea. Tafuta mkono mwingine. Rudi mwakani, nitakupokea mimi mwenyewe."

"Mwingine naupata wapi?" Chiriku akauliza. Hakuuliza kwa jeuri. Aliuliza kama mtu anayeulizia njia.

Mwalimu akamrudishia picha ya benchi.

Asubuhi yake Brashi hakwenda kwenye kompyuta yake; alikwenda moja kwa moja kwa Meneja akamwambia anataka picha zake zitolewe ndani ya mashine. Meneja hakuwa mtu mbaya, walianza kazi pamoja. Alimvutia kiti.

"Kaka, zinatolewaje? Ukishakoroga sukari kwenye maji, utaitoa kwa kijiko?"

"Basi iambie iache mabega yangu."

"Nikiiambia yetu, hizo nyingine je? Ziko ngapi huko nje? Sijui hata mimi." Kisha Meneja akashusha sauti. "Na usipige kelele sana. Ghorofa yetu inafungwa. Mimi mwenyewe nimeambiwa nijiandae."

Brashi alirudi nyumbani na vikombe vyake viwili vya kazini ndani ya mfuko wa plastiki. Hakurudi tena kule.

Nyumbani nako Chiriku alikuwa ameanza kutafuta mkono mwingine. Alipakua kipimo kama kile cha chuo kwenye simu yake, na kila alichochora alikipiga picha akakipima. Alianza kwa kufunga pengo la begani. Kipimo kikasema mashine. Akawapunguza watu miguu, akawapa vijiti. Mashine. Akachora kwa mkono wa kushoto, akachora amefumba macho, akachora karatasi imepinduliwa juu chini. Siku moja alikimbia kwangu, njia nzima, akanionesha karatasi. Ilikuwa mikwaruzo, sura imepinda, jicho moja limeteleza hadi shavuni.

"Shangazi, kimesema mtu! Kimesema huyu ni mtu!"

"Ni nani huyu?"

"Sijui. Lakini kimesema mtu."

Nilimkumbatia kwa sababu sikujua la kufanya. Mtoto aliyewahi kunichorea mama yake akiwa amelala kwenye kiti, uchovu wote ukaonekana kwenye vidole vya miguu, sasa alikuwa anashangilia kuharibu.

Akaendelea na njia hiyo. Kila kilichokuwa kinamjia chenyewe alikikataa, maana kilichokuja chenyewe kilikuwa cha baba yake, na cha baba yake kilikuwa cha mashine. Alikuwa akianza mstari, anasimama, anajiuliza hapa mkono wangu unataka kwenda wapi, kisha anaupeleka kwingine. Alikonda. Maneno yakampungua. Ungeingia chumbani ungedhani hamna mtu.

Brashi alivumilia, akashindwa. Nilikuwepo. Tulikuwa tunakula, binti amebaki mezani kwake dirishani.

"Mwanangu, acha kujipima na hicho kidude," akamwambia. "Mkono ni wako. Chora unavyochora. Wakisema mashine, waache waseme."

"Ni rahisi kwako."

"Kwangu rahisi?"

"Wewe ulipata miaka yako yote, baba. Ulichora, watu wakakujua. Mimi umenipa kitu, halafu kilekile ukawapa wao. Ungeniachia hata kimoja."

Wifi akamkemea, "Chiriku! Huyo ni baba yako." Brashi akainua mkono kumzuia. Alimaliza chakula chake, akaosha sahani yake mwenyewe, akatoka akakaa kibarazani mpaka nilipoaga kuondoka. Nilimgusa kichwa kama zamani. Aliniambia tu, "Hajakosea."

Ule mkono mwingine hatimaye ukapatikana, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ulikuwa mzuri. Ile mikwaruzo aliyoanza nayo ilitulia ikawa kitu. Watu wake sasa walikuwa wamejengwa kwa mistari mifupimifupi, kama waliotariziwa, wote wanaelekea upande mmoja kana kwamba upepo unawasukuma. Nadhani aliuokota kwangu, kwenye nyuzi, ingawa hakusema. Alipima. Kipimo kikasema mtu. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikula akashiba, akatusimulia jambo la jirani mpaka mama yake akalia kwa kucheka.

Alianza kuziweka picha hizo kwenye mtandao huku akisubiri mashindano ya mwakani. Waliomtafuta wa kwanza walikuwa watu wa kampuni nyingine. Walikuwa wanatengeneza mashine za kuchora, na walieleza shida yao waziwazi: mashine zimekula picha zote za dunia, sasa zinakula za zenyewe, na kila kinachotoka kinafanana na kingine. Wateja wamechoka. Wanatafuta vijana wenye mikono mipya.

Brashi alipopata habari alikuja kwangu asubuhi mapema, sijafungua hata dirisha. "Dada, zungumza naye. Wewe anakusikia." Tukaenda pamoja. Akamwambia binti yake yote niliyoyasimulia hapa, toka makabati hadi sabuni, na akamwomba. Nimemwona mdogo wangu akiomba mara moja tu maishani, na aliyeombwa ni mtoto wake.

Chiriku alimsikiliza mpaka mwisho. "Baba," akasema, "nikikataa, hawataichukua? Nimeshaiweka mtandaoni. Wewe walichukua bila kukuuliza. Mimi angalau wananiuliza."

Akasaini.

Alichora nao karibu mwaka. Walimpa chumba kizuri chenye viyoyozi, kiti kinachozunguka, na vijana wengine kama yeye, kila mmoja ameinamia karatasi yake, hawaongei. Kabla mwaka haujaisha tulishaiona ile mistari yake mifupi kwenye mapazia, kwenye vifuniko vya maziwa, kwenye filamu za watoto. Wakamwita wakamwambia wameridhika sana, sasa alete mkono mwingine. Akajipasua akaleta: watu waliotengenezwa kwa madoa ya wino, hakuna mstari hata mmoja. Huo nao ukaliwa, safari hii upesi zaidi. Wakamwambia alete mwingine. Alikaa kwenye kile kiti kinachozunguka siku baada ya siku, penseli mkononi. Mama yake alimwuliza, "Unachora nini siku hizi?" akasema, "Nazunguka." Wakampa mapumziko. Kisha wakamshukuru, wakamwacha.

Mashindano ya chuo yalipita bila yeye. Mwalimu alimpigia simu, nilikuwa karibu, nikamsikia akimwambia aje na chochote. Chiriku alimjibu kwa adabu zote kwamba hana chochote, akamwuliza hali ya afya, akakata.

Sasa anafanya kazi kwangu. Nilimwomba mwenyewe, nikidai macho yangu yamechoka. Anatunga sindano, anakata, anapiga pindo. Ana mkono mwepesi na wateja wanampenda kwa utulivu wake. Hakuna anayejua kwamba zamani tulikuwa tukimlipa peremende anyamaze. Baba yake alipata kazi ya kupaka rangi majumba, kuta tupu, nyeupe na za rangi ya maziwa. Anasema kazi hiyo haimchoshi. Namwamini.

Mwezi uliopita alikuja mteja, mama mmoja mchangamfu, na blauzi ya hariri. Alitaka itariziwe maua shingoni, kitu cha pekee, sherehe ni ya mwanawe. Nikaona huu ndio mlango. Nikampa Chiriku chaki.

"Mchoree mama maua. Yoyote. Ya kwako."

Aliishika chaki. Aliinama juu ya kitambaa, akabaki ameinama. Nilikuwa nikijifanya napanga vifungo. Mteja akanitazama, nikamkonyeza asubiri. Chaki haikugusa hariri. Baada ya muda Chiriku akainuka, akairudisha kwenye kisanduku chake taratibu.

"Shangazi, mpe simu achague. Mimi nitatarizi."

Nikampa mteja simu. Aliiambia mashine anataka nini, ikammwagia maua, akayapitisha kwa kidole kama anayechambua mchele mpaka akapiga kelele ya furaha. "Haya! Haya hapa!" Akatuonesha. Yalikuwa maua ya mistari mifupimifupi, yote yameinama upande mmoja kama yanasukumwa na upepo.

Chiriku aliyatazama kitambo. "Huu ulikuwa mkono wangu," akasema.

Mteja akacheka, wala hakukusudia ubaya. "Mwanangu, siku hizi kila mtu anasema hivyo." Akachukua pochi yake, akatuachia blauzi, akaondoka akiimba.

Chiriku alishatunga uzi. Alichagua rangi nzuri, wekundu wa kiza na kijani, akaweka simu mbele yake na kuyafuata yale maua, mshono kwa mshono, bila kuongeza wala kupunguza.

Jioni baba yake alimpitia, kama kawaida, ndoo ya rangi mkononi na chokaa nyusini. Alisimama mlangoni akaitazama ile kazi iliyotandazwa mezani. Najua aliitambua. Akamwuliza binti yake kama amekula mchana. Akasema amekula. Akamwambia mama yako ametuagiza vitunguu. Wakaondoka, mmoja mbele mmoja nyuma, njia ni nyembamba hapo kwangu, wakibishana kidogo kama duka la kona litakuwa bado wazi.